Nani Amefungua Faili Langu?

Wahenga walisema siri ya mtungi muulize kata. Kata ndiyo inayoingia mtungini kila siku, na ndiyo inayojua kama maji yamejaa au yamebaki ya kunawia tu. Katika habari za maradhi, mtungi ni mgonjwa na kata ni daktari. Kwa miaka mingi mtungi mmoja ulikuwa na kata moja, na siri ilikaa baina yao wawili. Leo, wasikilizaji wapenzi, nanyi mnaosoma gazetini, nataka tuzungumzie mtungi mmoja wenye kata nyingi: jalada la mgonjwa mmoja linalosomwa na madaktari wa hospitali mbalimbali kwa njia ya intaneti, bila karatasi hata moja kusafiri.

Jambo hili limekwishabisha hodi kwetu. Ukienda leo katika hospitali nyingi za Dar es Salaam au Nairobi, karani wa mapokezi anakuuliza namba ya simu, anabonyeza kompyuta, na habari zako zinatokeza. Hatua inayofuata ni kuziunganisha kompyuta hizo, ili daktari wa hospitali ya rufaa aone kilichoandikwa na yule wa kituo cha afya. Hapo ndipo watu huuliza: je, siri yangu itakuwa salama? Nao wataalamu hujibu kwa kutusifia kufuli. Mimi nasema kufuli ni nusu ya jibu. Nusu ya pili tutaiona katika historia yenyewe, kwa hiyo hebu turudi nyuma kidogo.

Kiapo cha waganga kinachohusishwa na Hippocrates wa Ugiriki kina umri wa zaidi ya miaka 2,000. Ndani yake mganga anaapa kwamba yale atakayoyaona au kuyasikia katika kazi yake, na ambayo hayafai kutangazwa, atayanyamazia. Hata mganga wa jadi wa kwetu humwita mteja ndani, akafunga mlango, ndipo akauliza. Katika zama hizo kumbukumbu ya ugonjwa ilikuwa kichwani mwa mganga, au katika daftari lake mwenyewe. Siri ikivuja, mgonjwa alijua mara moja ni mdomo upi uliovujisha, kwa sababu mdomo ulikuwa mmoja tu.

Mambo yalianza kubadilika pale madaktari walipoanza kufanya kazi kwa pamoja chini ya paa moja. Katika kliniki ya Mayo, mji wa Rochester, jimbo la Minnesota nchini Marekani, kila daktari alikuwa na kitabu chake kikubwa cha kuandikia wagonjwa. Mgonjwa aliyeonwa na madaktari watatu habari zake zilitawanyika katika vitabu vitatu. Mwaka 1907 daktari mmoja, Henry Plummer, akisaidiwa na Mabel Root, alileta utaratibu mpya: kila mgonjwa apewe namba moja na jalada moja, na kila daktari atakayemwona aandike humo humo. Leo tunaliona jambo hilo kuwa la kawaida, lakini wakati ule lilikuwa ni mapinduzi. Daktari wa moyo aliweza kusoma alichoandika daktari wa figo.

Lakini angalieni kilichotokea kwa upande wa siri. Jalada likapita mikononi mwa karani, mpeleka faili, muuguzi na mwanafunzi. Mtungi ukapata kata ya pili, ya tatu, ya kumi. Siri ikivuja sasa, mgonjwa angemshuku nani?

Nisije nikaeleweka kwamba napinga kushirikiana. Jalada lililofungiwa nalo huua. Miaka kadhaa iliyopita mama yangu mzazi alihamishwa kutoka hospitali ya mkoa kuletwa mjini. Tulikuja na bahasha ya kaki yenye picha ya eksirei na barua ya mistari minne ambayo mwandiko wake haukusomeka. Majibu ya damu yalibaki kule. Dawa alizopewa kwa siku tisa hakuna aliyezijua kwa majina. Mama alizitaja kwa rangi. Vipimo vilirudiwa vyote, fedha zikatoka upya, siku mbili zikapita, naye amelala anaungulia maumivu. Nani kati yenu hajapitia hayo? Anayesema faili likae palepale lilipo, aje kwanza alale katika kitanda kile siku mbili.

Tuendelee. Kompyuta iliingia katika habari hii mapema kuliko wengi wanavyodhani. Katika mji wa Indianapolis, Marekani, kuna taasisi inayoitwa Regenstrief, iliyoanzishwa kwa fedha za tajiri aliyepata mali yake kwa kutengeneza mashine za kuoshea vyombo. Huko, mwaka 1972, Dakta Clement McDonald na wenzake walianza kuweka kumbukumbu za wagonjwa wachache wa kisukari ndani ya kompyuta. Mwaka 1976 alichapisha utafiti ulioeleza jambo la kushangaza. Kompyuta ilipowakumbusha madaktari jambo la kufanya, walilitekeleza katika matukio 51 kati ya kila 100. Walipoachwa wakumbuke wenyewe, walitekeleza 22 tu. Hawakuwa madaktari wabaya. Walikuwa binadamu, na binadamu husahau. Katika miaka ya 1990 mji huo ulianza kuunganisha hospitali zake, ili daktari wa chumba cha dharura aone historia ya mgonjwa aliyeletwa amezimia, hata kama hakuwahi kutibiwa katika hospitali ile.

Sasa, ndugu msikilizaji, usidhani natembea Marekani bila sababu. Kutoka Indianapolis njia inakuja moja kwa moja hadi Bonde la Ufa. Chuo Kikuu cha Indiana na Chuo Kikuu cha Moi cha Eldoret vilikuwa na ushirikiano wa muda mrefu. Mwezi Februari 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot, kusini ya Eldoret, walifunga kompyuta mbili zenye betri ya umeme wa jua ili giza la ghafla lisifute kazi. Mgonjwa alisajiliwa, akapewa namba, na kila alichoandikiwa kwenye fomu kikaingizwa na karani. Watafiti walipopima, waliona muda ambao mgonjwa alikaa kituoni umepungua kwa asilimia 22. Kwa mama aliyetoka nyumbani alfajiri na mtoto mgongoni, hiyo si takwimu ya kwenye karatasi. Ni kuwahi kurudi shambani.

Halafu ukaja mtihani mkubwa zaidi. Mwaka huohuo wa 2001 ulianza huko Eldoret mpango wa AMPATH wa kuwatibu wenye virusi vya Ukimwi. Mgonjwa wa Ukimwi si mgonjwa wa siku moja. Anahitaji kufuatiliwa mwezi hata mwezi, mwaka hata mwaka, na wagonjwa wakawa wengi kuliko uwezo wa makaratasi. Mwaka 2004 Paul Biondich na Burke Mamlin wa Regenstrief walikwenda Eldoret, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa programu iitwayo OpenMRS, wakishirikiana na wenzao wa Partners In Health na wa Baraza la Utafiti wa Tiba la Afrika Kusini. Programu hiyo hutolewa bure, na yeyote anaweza kuichukua na kuirekebisha. Mwaka 2006 ilianza kutumika Eldoret, kisha Rwinkwavu nchini Rwanda. KenyaEMR ya Kenya na UgandaEMR ya Uganda zimejengwa juu ya msingi huo. Kwa hiyo watu wakikuambia kwamba mambo haya ni ya wazungu, waambie sehemu ya msingi wake ilichimbwa Mosoriot.

Nimeutaja Ukimwi kwa makusudi. Hakuna ugonjwa uliotufundisha thamani ya siri kama huo. Sote tunakumbuka watu waliopanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya ya mbali, wakati kliniki ilikuwa hatua mia kutoka nyumbani kwao, kwa kuogopa kuonwa na jirani kwenye benchi. Tunasema mficha maradhi kifo humuumbua, na ni kweli. Lakini mtu hafichi maradhi kwa kupenda. Huficha kwa sababu hajui ni nani atakayejua. Ukitaka asifiche, mpe kwanza sababu ya kukuamini.

Hapa ndipo wataalamu wanapotoa kufuli lao, na kwa haki kabisa ni kufuli zuri. Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza njia mpya ya kuandika kwa mafumbo, na mwaka 1977 Rivest, Shamir na Adleman wa chuo cha MIT wakaitengenezea hesabu zake. Fikiria hivi: daktari wa Muhimbili anatawanya makufuli yake, yakiwa wazi, kwa madaktari wote nchini. Daktari wa Songea anatia barua ndani ya sanduku, anabana kufuli, basi. Hata yeye aliyelibana hawezi tena kulifungua. Ufunguo anao wa Muhimbili peke yake. Anayelidaka sanduku njiani atapata chuma tu. Kwa njia za namna hiyo fedha zako zinapita salama kwenye simu kila siku, na jalada la mgonjwa linaweza kupita vilevile.

Kama ni hivyo, kwa nini nasema kufuli ni nusu ya jibu? Kwa sababu historia inaonyesha kwamba siri nyingi hazikuvujia njiani. Zilivujia nyumbani.

Chukua Massachusetts, Marekani, miaka ya 1990. Idara iliyosimamia bima ya watumishi wa serikali ilitoa kumbukumbu za hospitali kwa ajili ya utafiti, ikiwa imefuta majina, na wananchi wakahakikishiwa kwamba hakuna wa kutambulika. Mwanafunzi mmoja wa MIT, Latanya Sweeney, akanunua kwa dola 20 orodha ya wapiga kura wa mji wa Cambridge. Akalinganisha tarehe za kuzaliwa, jinsia na namba za posta. Watu sita walizaliwa siku moja na gavana wa jimbo, William Weld; watatu kati yao wanaume; mmoja tu katika mtaa wake. Sweeney akayaona matibabu ya gavana. Hakuvunja kufuli lolote.

Chukua Singapore, nchi inayosifika kwa utaratibu. Mwezi Januari 2019 Wizara ya Afya ilitangaza kwamba habari za watu 14,200 wenye virusi vya Ukimwi zimevujishwa kwenye mtandao: raia 5,400 na wageni 8,800. Majina, namba za simu, anuani, vyote. Aliyezimwaga alikuwa mwenzi wa daktari, na daktari huyo alikuwa na ruhusa halali ya kuifungua orodha ile kwa kazi yake. Kufuli halikuvunjwa hata kidogo. Ufunguo uliingia mahali pake kama kawaida.

Chukua Finland. Mwezi Oktoba 2020 wagonjwa wa kampuni ya tiba ya akili iitwayo Vastaamo walianza kupokea vitisho: lipa euro 200, la sivyo mazungumzo yako na mtaalamu wako yatawekwa hadharani. Zaidi ya watu 30,000 habari zao zilikuwa zimeibwa, na wizi wenyewe ulianza miaka miwili kabla, mwaka 2018. Watu walilala na kuamka kwa muda wote huo bila kujua kwamba mtu ameingia chumbani mwao. Kampuni ilifilisika mwaka 2021. Lakini siri ikishatoka hairudi hata kampuni ikifa.

Katika visa hivi vitatu sikilizeni kitu kimoja kinachofanana. Mgonjwa alikuwa mtu wa mwisho kujua. Gavana hakujua, wale wa Singapore hawakujua, wale wa Finland waliambiwa na mwizi mwenyewe. Kule kwa mganga wa zamani mgonjwa alijua nani kavujisha, kwa kuwa mdomo ulikuwa mmoja. Tulipoongeza kata mtungini tulipoteza ujuzi huo, na kufuli pekee halikuweza kuurudisha.

Ipo nchi iliyojaribu kuurudisha, nayo ni Estonia, nchi ndogo ya kaskazini ya Ulaya yenye watu kama milioni 1 na laki 3, pungufu kabisa ya Dar es Salaam. Mwaka 2001 walianzisha mfumo uitwao X-Road, ambao ni kama barabara yenye ulinzi inayounganisha kompyuta za idara mbalimbali. Mwisho wa mwaka 2008 wakaanzisha mfumo wa taifa wa habari za afya, na mwaka 2010 cheti cha dawa kikaacha kuwa karatasi. Tangu Januari 2019 raia wa Finland akiwa safarini Estonia anaweza kuchukua dawa aliyoandikiwa kwao.

Lakini nililolipenda mimi si hilo. Nililolipenda ni kwamba kila anayefungua jalada huko huacha nyayo. Kompyuta huandika nani kafungua, na saa ngapi. Na nyayo hizo hazibaki kwa wakubwa wa wizara. Raia mwenyewe, kwa kitambulisho chake na namba yake ya siri, hufungua jalada lake akazisoma. Akiona jina la daktari asiyemjua, anauliza. Daktari aliyechungulia bila sababu ya kazi hujibu mashitaka. Aidha mgonjwa akitaka, anaweza kuifunga sehemu ya jalada lake isionwe.

Sisemi kwamba Estonia ni peponi. Mwaka 2024 huko huko ilitangazwa kwamba habari za kadi za wateja wa maduka ya dawa, za watu karibu 700,000, zimeibwa kutoka kampuni binafsi. Mwizi yupo kila mahali. Lakini katika jalada la hospitali mgonjwa wa Estonia ana kitu ambacho mwenzake wa Singapore hakuwa nacho: anaweza kuangalia mwenyewe nani amechota maji mtungini mwake.

Na kwetu je? Sheria zipo. Kenya ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Data mwaka 2019 na Sheria ya Afya ya Kidijitali mwaka 2023. Tanzania ilitunga Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022, nayo ikaanza kufanya kazi tarehe 1 Mei 2023. Sheria za ulinzi za nchi zote mbili huzihesabu habari za afya kuwa ni nyeti. Hayo ni mambo ya kupongezwa. Lakini hakimu atahukumu nini kama kompyuta haikuandika nani kafungua? Sheria bila nyayo ni sawa na polisi anayefika eneo la wizi baada ya mvua kunyesha.

Nitawaambieni nilichokiona kwa macho yangu katika hospitali moja ambayo sitaitaja. Neno la siri la kompyuta ya wodi lilikuwa limeandikwa kwenye kipande cha plasta na kubandikwa juu ya kioo. Daktari analitumia hilo, muuguzi hilo, mwanafunzi wa mafunzo hilo, na nadhani hata mfagizi angeliweza. Nilipouliza, niliambiwa kwamba kila mtu akiwa na lake kazi haiendi. Sikuwalaumu, wodi ilikuwa imejaa hadi sakafuni, na kompyuta ilikuwa moja. Lakini katika wodi ile hata mfumo wa Estonia usingefaa kitu, kwa kuwa nyayo zote zingekuwa za mguu mmoja. Anayetaka kuunganisha hospitali zetu aanze na plasta ile. Anunue kompyuta ya kutosha na ampe kila mfanyakazi ufunguo wake. Ndipo waje wahandisi wa mtandao.

Wapo watakaosema mwananchi wa kawaida hana haja na nyayo, kwamba yeye anataka dawa tu. Mimi sikubaliani nao. Mwananchi huyo huyo huangalia ujumbe wa simu kila anapotumiwa au kukatwa shilingi mia tano. Anataka kujua fedha zake zimepita wapi, kwa nani, saa ngapi. Ujumbe wa namna hiyo hiyo ungeweza kumfikia: leo saa nne asubuhi jalada lako limefunguliwa na daktari fulani wa hospitali fulani. Simu anayo, na kuusoma anajua. Kilichobaki ni uamuzi wa wenye mamlaka kwamba habari ya ugonjwa wa mtu ina thamani sawa na shilingi mia tano zake.

Katika kazi hii yetu ya habari, jambo la kwanza tulilofundishwa darasani ni kumlinda aliyetueleza. Mtu akikupa siri, jina lake linakufa nalo mdomoni mwako. Na tulifundishwa sababu: siku utakapomtoa mmoja, hakuna wa pili atakayekuja. Daktari na hospitali wako katika hali hiyo hiyo. Msichana atakayesikia kwamba majibu ya mwenzake yalijulikana mtaani hatakwenda kupima, na hakuna kompyuta itakayoandika habari za mgonjwa asiyefika.

Kwa hiyo safari ijayo utakapotoa namba yako kwenye dirisha la mapokezi, muulize karani kwa heshima: nani wengine wanaweza kufungua faili langu, na mimi nitajuaje wakilifungua? Pengine hatakuwa na jibu. Muulize hata hivyo, na jirani yako kwenye foleni naye aulize. Mifumo hii inajengwa sasa hivi, na ni rahisi kuweka mlango wakati ukuta bado unapanda kuliko kuja kuubomoa baadaye.